Upande wa Nne wa Tangi

Zarin Shah, fundi wa matangi ya mafuta katika yadi ya malori ya Peshawar, alikuwa mtu wa kuudhi, na aliyekwambia vinginevyo hajawahi kumpelekea kazi. Ukuta mmoja wa matofali ulitenganisha banda lake na la Gul Badar, mtoto wa baba yake mdogo. Na kwetu mtoto wa baba mdogo ndiye unayeshindana naye tangu utotoni mpaka kaburini. Akijenga ghorofa moja, wewe jenga mbili, hata kama huna cha kuweka humo.

Wote wawili walifundishwa na babu yao kuunga bati jembamba: unakunja kingo mbili zikashikana, unazigonga kwa nyundo ya mbao, kisha unazitilia risasi ya kulehemu. Babu alipofariki, Badar akawahi kuandika juu ya mlango wake, "Hapa ndipo penye pindo la babu." Tangu siku hiyo Zarin Shah hakukunja bati tena. Alinunua mashine ya umeme. Kwenye bati nene ilimfaa, lakini bati jembamba ililitoboa vitundu, naye alijua hivyo. Aliziba, akatukana, akaziba tena.

Asubuhi moja akaja mkwewe Jamrez, mume wa Spogmai, binti yake wa pekee, na bati jembamba begani.

"Baba, keshokutwa napanda milimani, Chitral. Tangi la zamani la lori langu linavuja, na bomba la moshi liko pale pale chini yake. Safari hii nawabeba Spogmai na mtoto."

"Sasa unanifundisha kazi?"

"Hapana, Baba. Nauliza tu, utakunja au utachomelea?"

"Nenda kanywe chai."

Jamrez alipoondoka, Zarin Shah alilipima na kulikata lile bati. Kisha akaitafuta nyundo ya mbao. Roho ilimuuma, lakini mikono haikuwa imesahau, na kufika adhuhuri pande tatu zilikuwa zimekunjwa na kutiwa risasi vizuri kuliko zozote katika yadi ile. Tatizo ni kwamba nyundo ya mbao juu ya bati haifichiki.

"Jamani, mnasikia?" Badar alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. "Binamu amerudi shule. Zarin, ukikwama kwenye kona uliza tu. Sioni aibu kumfundisha aliyenizidi umri."

Mafundi mstari mzima wakacheka.

"Nyamaza wewe," Zarin Shah akajibu. "Babu alikuwa anakutuma maji, sio kazi."

"Na maji yangu hayakuvuja."

Wakacheka zaidi. Ulikuwa umebaki upande mmoja, na mtu mwenye akili angeumaliza vile vile. Zarin Shah akaitupa nyundo, akavaa miwani myeusi, akauchomelea kwa umeme, cheche zikaruka mpaka njiani ili kila mtu azione. Hasira hasara, na alijua wakati anafanya.

Jamrez aliporudi alasiri, walipaka chokaa kwenye maungio kwa nje, wakamimina mafuta ya taa ndani, wakangoja waone kama yatapenya. Pande tatu zilibaki nyeupe. Ule wa nne ukatoa doa moja jeusi, likaja la pili, kisha mengi.

"Nitaziba," alisema Zarin Shah.

"Kiraka juu ya kiraka, Baba? Kwa barabara ile?"

Jamrez akayamwaga mafuta, akalibeba tangi, akaingia mlango wa pili, kwa Badar. Muda si muda nyundo ya mbao ikaanza kugonga ng'ambo ya ukuta, taratibu, bila neno lolote. Zarin Shah alingoja kejeli, na majibu alikuwa nayo tayari. Hazikuja.

Tangi lilirudi likiwa jeupe pande zote.

"Amekataa malipo," alisema Jamrez. "Anasema Spogmai ni binti yake pia. Kwa hiyo tukirudi, nimemwalika kula kwangu Ijumaa."

Zarin Shah akachukua kitambaa, akaanza kulifuta tangi chokaa.

"Utakaa karibu yake, Baba. Spogmai ameshasema hivyo."