Kidole Sikupi

Nikisikia mtu akisema shahada ya uzamili ya isimu ni kusoma tu, natamani nimkamate kola ya shati nimkalishe chini. Kusoma ndiko rahisi. Madarasa niliyamaliza wakati wa likizo, nikisafiri kutoka Kibirichia ninakofundisha Kiswahili, nikiacha viazi vyangu vikipigwa na baridi shambani. Mitihani nilipita. Pendekezo la utafiti lilirudishwa mara nne, na mara ya nne kosa lilikuwa upana wa pambizo. Nikarekebisha. Kilichonitoa roho ni karatasi mbili zinazoitwa fomu ya ridhaa.

Tasnifu yangu ilihusu maneno ya vibuyu katika Kimeru cha Tigania. Kwenye semina kuna waliocheka. Wacha wacheke. Nilihitaji wanawake wazee kumi na wawili wanaoyajua bado, na wa kwanza alikuwa shosho yangu mzaa mama, anayeishi Muthara. Yeye ndiye aliyenipa wazo lenyewe, siku aliponigombeza kwa kuita vyombo vyake vyote jina moja kama mtu asiyekuwa na kwao.

Nilikaa naye siku tano. Simu ilikuwa juu ya kigoda ikirekodi, yeye anachambua maharagwe ya njahi huku akitaja majina. Kuna jina la kibuyu kichanga kabla hakijakauka, kuna la mbegu zinapoanza kugongana ndani. Ufa unaozibika una jina lake, na usiozibika una lake. Wale wengine kumi na mmoja, ukiwajumlisha wote, hawakunipa hata nusu ya aliyonipa yeye.

Siku ya tano nikatoa fomu. Nikamsomea kwa Kimeru, sentensi baada ya sentensi: kwamba anakubali kwa hiari yake, kwamba sauti yake itatumika kwa masomo tu, kwamba jina lake litafichwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisogelea simu na kusema, kwa ile sauti yake ya kutoa ushuhuda kanisani, kwamba amekubali, niyachukue maneno yake niyapeleke popote. Nikafungua pedi ya wino na kumwonyesha mahali pa kubonyeza. Akaficha mikono yake ndani ya leso.

"Maneno nitakupa yote," akaniambia. "Kidole sikupi."

Mgeni angedhani ni ukaidi wa uzee. Mimi nilijua. Babu alipokufa, shemeji yake shosho alimletea karatasi, akamwambia ni ya mahindi ya msaada, abonyeze dole gumba hapa apate gunia lake. Na gunia lilikuja kweli. Baadaye ndipo ikajulikana kwamba karatasi ile ilikuwa ya shamba. Miti ya miraa ikaenda, nyumba ikaenda, na kaburi la babu likaenda pamoja navyo. Shosho alienda kwa chifu, akaenda kwa bodi ya ardhi, na kila mlango aliobisha alionyeshwa kidole chake mwenyewe. Mwishowe mama yangu akamnunulia kipande kidogo karibu na soko. Tangu hapo hata zile pesa za wazee za serikali alizikataa, kwa sababu walitaka kidole.

Sasa mimi ni nani nimbembeleze? Nilifunga pedi, nikanywa uji wangu, nikaondoka.

Nilidhani watu waliosoma wataelewa. Lo! Nilipeleka fomu kumi na moja pamoja na rekodi, nikamweleza karani wa kamati ya maadili kila kitu, hata habari ya gunia la mahindi. Nikamwomba aisikilize sauti ya mwanamke mwenyewe akitoa ridhaa kwa kinywa chake. Hakuigusa simu yangu.

"Mwalimu, hapa hatupokei sauti," akasema. "Tunapokea karatasi."

Yaani muhula mzima wamenifundisha kwamba lugha ni ile inayosemwa, kwamba maandishi yalikuja nyuma, kwamba mtu asiyejua kusoma ana lugha kamili kama ya profesa. Niliandika hayo kwenye mtihani na nikapewa alama. Kumbe ni ya mtihani tu! Ofisini kwao, mwanamke asiyeandika hajasema kitu. Nilitoka pale na hasira ambayo hata leo ninapoandika haya haijaisha.

Msimamizi wangu alikuwa mpole, upole ule wa mtu asiyetaka shida na mtu. Akanishauri nimtoe huyo mama mmoja, nibaki na kumi na mmoja. Nikamwambia nikimtoa, tasnifu inabaki ganda tupu. Akasema basi kamati haitapitisha. Kisha akanikumbusha kwamba usajili wangu unaisha mwisho wa mwezi, na ukiisha ninarudi mwanzo kabisa, kwenye madarasa, kama vile sijawahi kukanyaga pale. Jambo jingine, kamati inataka fomu zenyewe zibandikwe nyuma ya tasnifu ziwe ushahidi. Majina niyafute kwa kalamu nyeusi, vidole nivibakize.

Nilimpigia simu mwenzangu wa darasa, mwalimu wa Embu aliyehitimu kabla yangu. Nililia, sitaficha. Alinisikiliza, halafu akacheka.

"Wewe una vidole kumi," akasema. "Unalia nini?"

Nilimkatia simu. Jumamosi nikaenda Muthara, pedi ya wino iko ndani ya mkoba, nimejiambia nitamwomba mara ya pili kwa adabu, nimweleze kinachoniponyoka. Nilikaa naye asubuhi nzima. Alinikaangia mayai, akaniuliza habari ya viazi, akakumbuka neno moja zaidi la kamba ya kubebea kibuyu, akasubiri niliandike. Mkoba ulikaa magotini. Nilishindwa kuufungua. Nikajidanganya kwamba hiyo ni heshima.

Jumatatu, saa ya chai, walimu wenzangu walipotoka kwenda kantini, nilibaki ofisini. Nikavuta pedi ya muhuri wa shule. Nikabonyeza dole gumba langu, nikalibandika mahali pa shosho, nikalipuliza likauke. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Wino wa zambarau ulinikaa kwenye kucha siku kadhaa, nikawa nafundisha nimekunja kidole, nikimwambia kila aliyeuliza kwamba ni wino wa muhuri ulionimwagikia.

Na wakapokea! Yule karani aliigeuza fomu mara moja, akaigonga muhuri, akanitakia kila la heri. Mashine ya kukagua wizi wa maandishi ikasema mimi ni safi, sijaiba hata aya moja. Siku ya utetezi, mtahini mmoja alifungua viambatisho na kunisifu kwamba ni wachache wanaozingatia ridhaa ya watafitiwa kwa ukamilifu hivyo. Nilisema asante. Ningemrushia nini, na hasira yenyewe ilikuwa imegeuka inaniangalia mimi?

Baada ya mahafali nilimpelekea shosho nakala, jalada jeusi na herufi za dhahabu. Alinawa mikono kwanza ndipo akaipokea. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa njia nzima.

"Na kidole, hawakuuliza?"

"Hawakuuliza, shosho."

Nilimwona akinyooka. Sijui nielezeje. Mwanamke aliyeinama miaka yote hiyo aliketi wima, akasema kumbe kuna ofisi yenye watu, ofisi inayoamini mdomo wa mwanamke mzee. Akasema Jumapili atawaambia kina mama kanisani. Nilitazama kuku uani, nikaomba moyoni afunge kitabu.

Hakufunga. Alianza kupekua taratibu, akilamba kidole. Akaviona vibuyu vyake kwenye picha, akacheka. Akaendelea mpaka nyuma, kwenye fomu. Shosho hajui hata herufi moja, lakini alama ya dole gumba anaijua kuliko maprofesa wote walionitahini. Akainamia karatasi ya kwanza, akahesabu, akafungua ya pili, akahesabu, hadi zikaisha. Alama kumi na mbili.

"Uliniambia tulikuwa kumi na wawili," akasema, "na mimi nikiwa ndani."

Nikaitikia kwa kichwa.

Akarudi kuzipitia upya, safari hii akiweka dole gumba lake kando ya kila alama. Lake ni pana, limepasuka kwa jembe. Zile kumi na moja zilifanana nalo. Alipofika kwenye moja ndogo, laini, mistari yote imekaa vizuri, akaacha kidole chake hapo.

"Hiki hakijalima. Ni cha nani?"

"Changu, shosho."

Nilianza kumweleza habari ya karani, ya usajili, ya mwisho wa mwezi. Nilisema yote, na kwa hasira, maana hasira ilikuwa ya kweli. Alingoja nimalize. Kisha akakifunga kitabu, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaniwekea mapajani.

"Shemeji yangu alinidanganya," akasema. "Lakini kidole aliniomba."