Shamba la Mti wa Matunda Mawili

Ujinga wangu ulianzia kwenye parachichi. Mimi ni mtu wa ndani. Nikifika kwenye robot, zile taa za barabarani za kona yetu hapa Bellevue, Johannesburg, najiona nimesafiri. Kwa hiyo alipohamia jirani mpya chumba cha gereji, msusi, mtu wa kwetu Kivu, nilimvamia kwa maneno kama niliyefunguliwa jela.

Alikuwa anamenya parachichi la pale spaza, kiduka cha mtaani.

"Mama, hiyo ni sabuni," nikamwambia. "Ungeliona shamba la baba, juu ya Uvira! Tuna mti mmoja unazaa aina mbili: upande huu meusi, upande ule ya kijani. Baba alikuwa na mkono wa kupanda!"

Kisu kikasimama. "Kando ya kisima cha mawe?"

"Eeh! Unapajua?"

"Aliyebebesha ule mti, akaunganisha aina mbili kwenye shina moja, ni babu yangu."

Eish. Ningeweza kunyamaza; nikacheka. Baba hakuwahi kupanda hata pilipili pale.

Vita ilipofika kwetu, familia ambazo mababu zao walivuka mto Ruzizi zamani ziliambiwa ghafla kwamba ni wageni. Wakakimbia na mafurushi. Kamati ya kijiji ikanadi vyao mbele ya kanisa: ng'ombe kwanza, halafu mabati, mwisho mashamba. Baba alirudi nyumbani na shamba. "Nisingenunua mimi, angenunua mwingine," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Nikaelewa, nikala. Maparachichi yale ndiyo yaliyonisomesha sekondari, na hadi leo natamba kwa hako kafaransa kangu.

Baada ya siku ile nikawa nasikiliza kwanza mlango wake ndipo niende bombani. Mtu asiyetoka nyumbani akimwogopa jirani, atakimbilia wapi? Na kibaya zaidi, kaka yangu alikuwa amekwisha kunipigia kutoka Uvira: kapata mnunuzi wa shamba tuliloachiwa na baba, anangoja tu niseme ndiyo.

Nikampigia, nikamwambia asiuze, wenyewe wapo, mmoja wao natumia naye bomba moja.

"Dada, Johannesburg imekuharibu," akacheka. "Tulinunua, hatukuiba."

Nikasema tutaongea.

Nikapika maharage kwa mawese, nikampelekea jirani bakuli limefunikwa vizuri. Nikamweleza yote nimesimama mlangoni: mnada, baba, mnunuzi, kaka. Nilitaraji alie au anitukane. Lolote kati ya hayo lingenipunguzia mzigo. Akalipokea bakuli, akaliweka sakafuni bila kulifunua, akanitazama.

"Usiniletee chakula kama nimefiwa, mama. Mpigie kaka yako sasa hivi, hapahapa nikisikia, umwambie mjukuu wa mwenye shamba anataka kuongea naye."