Tawi la Mkorosho Nililolipanda

Juzi niliona tawi la mkorosho limetupwa njiani pamoja na mabibo yake, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu Dabaso.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilikata tawi lenye mabibo mabichi, nikalichomeka karibu na jiko, nikalimwagilia na kuliombea kwa jina la Yesu. Nilitaka mkorosho wangu mwenyewe, nipeleke sadaka ya mavuno kanisani. Kufika jioni, majani yote yamelegea! Nilimkimbilia Mama.

“Mama, kwani Yesu hanisikii?”

Mama alicheka huku akinifuta utomvu mikononi. “Anakusikia, mwanangu. Lakini umeliondoa kwa mamake, sasa litanyonya wapi?”

Nilidhani anasema habari za mti tu. Juzi, nikiwa nimeliinamia lile tawi, nilishtuka: sijaomba tangu tumzike Mama.