Njia Iliyofagiwa Msituni

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, si ya kuambiwa. Ingekuwa usiku ningesema giza lilinidanganya, lakini ilikuwa mchana na tulikuwa tumetoka kula. Mimi shule niliishia darasa la nane, kupamba maneno sijui. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Tulikuwa kina mama wa kanisa kutoka Othaya, tumekodi basi kwenda kuona mahali pa kale pa watu wetu. Asubuhi tulianza na Mukurwe wa Nyagathanga kule Murang'a, ambapo tunaambiwa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa watu wetu, walianzia. Kisha tukapanda, tukapita Kiganjo, mpaka kwenye msitu wa Mlima Kenya, kuona pango moja walilojificha wapiganaji wa uhuru.

Nilikuwa nimeenda na baba yangu. Baba ni mzee sana, na miaka hii akili yake imeanza kumtoka. Zamani za vita hivyo vya uhuru mama yake alikuwa akiwapelekea wapiganaji chakula msituni kwa siri, na siku moja alienda asirudi. Mwili haukupatikana. Mimi ndiye binti wa kwanza wa baba, nikapewa jina la huyo nyanya, kama desturi yetu ilivyo. Ndiyo maana baba huniita Maitu, mama yangu. Zamani lilikuwa jina la mapenzi tu. Alipoanza kusahau, ikawa kila usiku ananiuliza, "Maitu, umerudi?" halafu anatoka nje kumtafuta mama yake, na mimi nimesimama mbele yake. Wewe umewahi kulala umefunga ufunguo wa mlango kwenye pindo la leso? Mimi nimelala hivyo muda mrefu.

Ndugu yangu hakutaka tumpeleke. Aliniambia kwa simu, "Ukimpoteza huyo mzee huko juu, wewe pia usirudi." Nami kwa haki nasema alikuwa na sababu.

Tulipofika pangoni, katekista akasema tuombe. Wazee wetu wa kale waliomba wakiutazama mlima, macho wazi. Sisi tunafumba. Na katekista wetu akianza kuomba, hamwachi mtu nje. Aliombea wagonjwa, wajane, watahiniwa, akaombea dereva na magurudumu. Mama Njoki, jirani yangu, alikuwa kando yangu. Akaninong'onezea, "Ati tumekuja kuona mambo ya kale? Huyu akimaliza sisi ndio tutakuwa mambo ya kale." Nikaachilia mkono wa baba ili nizibe mdomo nisicheke.

Amina ikasemwa. Nikafumbua macho. Ukungu ulikuwa umeingia, ule wa mlimani usiobisha hodi, na baba hayupo.

Baridi ya huko humaliza mzee kabla jua halijatua, na yeye alikuwa na koti moja tu. Kina mama wakatawanyika wakiita. Mimi nikashuka na kijia nikipiga kelele, "Baba! Baba!" mpaka sauti za wenzangu zikawa mbali. Ndipo nikamwona mwanamke.

Alikuwa anakuja kinyumenyume, mgongo kwangu. Kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, kimening'inia mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso, miguu mitupu kwenye ile baridi. Mkononi alishika tawi lenye majani, anafagia pale alipokanyaga. Nani hufagia msitu, niambie?

Aligeuka. Alikuwa mdogo kwangu, pengine miaka thelathini hivi, na mimi nina wajukuu. Lakini alinisemesha kama mtoto wake, kwa Kikuyu kizito cha zamani.

"Mtoto, mbona unapiga kelele? Unataka askari watusikie?"

Niamini, nilidhani anasema wale wanafunzi wa chuo cha polisi pale Kiganjo tulipopita. Nikamwambia hao watusikie tu, watusaidie, nimepoteza mzee.

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mjinga. "Ameshakula," akasema. "Fuata pale nilipofagia. Na unyamaze."

Sikumuuliza jina. Sikumsalimia hata. Nikakimbia.

Pale alipofagia palionekana wazi kwenye matope: mistari ya majani, laini kama ua wa nyumba Jumamosi. Hapakuwa na unyayo hata mmoja, wala wake wala wa baba. Mistari ikanipeleka kwenye mwamba uliochimbika chini, mahali pakavu. Baba alikuwa ameketi humo, koti limefungwa vifungo vyote, na yeye vifungo humshinda. Mkononi alikuwa na nusu ya kiazi kitamu cha kuchoma. Nilikigusa. Kilikuwa cha moto. Sisi kwenye basi tulibeba mkate na chai.

Nikaanza kulia. Baba akaniambia pole pole, kama mtu aliyeshiba, "Usilie, msichana wangu. Mama alichelewa tu. Alikuwa anafuta nyayo."

Tulipompata mlinzi wa msitu nilimweleza. Akasema wako kina mama wanaoingia kuokota kuni, na wengine huchoma viazi. Nimeandika maneno yake kwa sababu huenda ndiyo ukweli. Nilimuuliza kama hao hutembea kinyumenyume wakifagia. Akainama kukaza kamba za viatu vyake.

Kwa hivyo wewe utakayeenda kuona mahali pale, omba, lakini fumbua jicho moja na ushike mkono wa mtu wako. Ukikuta mwanamke anafagia njia mahali pasipo na nyumba, usipaze sauti. Msalimie. Mimi niliyepewa jina lake sikumsalimia, na hilo bado linaniuma.

Baba hajapona, sitaki kudanganya mtu. Jana aliniita kwa jina la shangazi. Lakini tangu siku ile hajaniuliza kama nimerudi, wala hajatoka nje usiku. Analala mpaka jogoo awike, nami nalala. Ufunguo wa mlango hata sijui niliuweka wapi.