Maziwa Niliyotengewa

Homa yangu ilikuwa na tabia zake. Ilikuja jioni ikanitetemesha, usiku ikanimwagia jasho mpaka shuka likalowa, asubuhi ikaondoka kama haikuwepo. Nikaenda shule. Wiki ikapita, ikarudi. Baadaye magoti yakaanza kuuma, kisha kiuno, nikawa nainuka kwenye dawati kwa kushika meza, kama bibi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kwetu ni nje kidogo ya Kakese. Baba alihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Dawa za malaria nilimeza mpaka muuza duka la dawa akawa ananiona kwa mbali tu, anatoa boksi. Mpanda mjini walinipima malaria, taifodi, mkojo, ukimwi. Vyote hakuna. Hilo la ukimwi lilinipa nafuu kidogo, kwa sababu darasani walishaanza kuniachia nafasi kwenye benchi. Ila daktari wa Mpanda alimwambia Baba damu yangu haijakaa vizuri, twende Tabora kwa wakubwa zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, ila alimwambia Baba.

Baba alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha akasema mbele ya Mama, "Tutaenda Tabora. Na Tabora nao wakikosa, nampeleka kwa bibi yake Shinyanga akatibiwe kienyeji. Shule basi." Hakusema kwa hasira. Ndivyo anavyopanga mambo, kama anavyopanga malisho. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kisha nikaosha uso. Bibi yangu nampenda, ila nilijua nikienda kule sitarudi na sare.

Basi liliondoka Mpanda asubuhi na mapema. Baba alikuwa amevaa koti lake la mikutano, na katikati ya miguu yake kulikuwa na kidumu cha maziwa. Hayo yalikuwa maziwa yangu. Tangu nianze kuumwa, Baba alinitengea ng'ombe mmoja, yule mwekundu. Alikuwa ametupa mimba, hana ndama wa kumnyonyesha, kwa hiyo maziwa yote yakawa ya mgonjwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilipewa kikombe kikubwa, bado yana joto la ng'ombe na povu juu. Siku nilizozidiwa, nilipewa viwili. Baba hajui kusema pole, kusema kweli. Anakamua.

Pembeni yetu alikaa mama mmoja wa Ikola, kule ziwani, mwenye magunia ya dagaa huko chini ya basi. Hatukuwa tumefika hata Inyonga akamwanza Baba.

"Mzee, hicho kidumu kisije kikanimwagikia. Nyie Wasukuma hamwezi kusafiri bila maziwa?"

"Na wewe dagaa wako wanasafiri na nani? Basi zima tunanuka ziwa."

"Mwenyewe ukifika kwako unawala."

"Nawala, lakini siwabebi kwenye koti."

Watu wakacheka. Mama yule akacheka kuliko wote, kisha akanigeukia mimi. Aliniangalia usoni, akateremsha macho hadi tumboni, akayaacha hapo.

"Binti anaumwa nini?"

"Homa," Baba akajibu.

"Homa ya kwenda Tabora?" akasema kwa sauti ya chini, lakini siyo chini sana. "Haya. Mungu amsaidie, bado mdogo."

Nilijua anawaza nini. Nilitamani kumwambia hakuna kitu tumboni, hilo nalo nilipimwa shuleni, na sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Lakini mimi si wa kuongea. Niligeukia dirishani nikaangalia msitu. Baba akamimina maziwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akanipa. "Kunywa, mayu, upate nguvu." Mayu ni mama, ndivyo watu wa kwetu wanavyowaita mabinti zao wanapowaonea huruma. Nikanywa yote ili asije akaniita tena mbele ya yule mama.

Hospitali tuliambiwa tukae kwenye benchi refu tusubiri kuitwa. Niliogopa neno moja. Kaka wa rafiki yangu alikuwa na homa kama zangu na damu isiyokaa vizuri, wakamwambia saratani ya damu, na hakumaliza mwaka. Sikumwambia mtu kwamba nawaza hivyo.

Daktari alikuwa dada, kijana kuliko nilivyotegemea. Alimsalimia Baba, "Shikamoo mzee," na Baba akaitikia kwa furaha, nikaona mabega yake yameshuka. Nilipiga goti nikamsalimia na mimi, akaniambia, "Inuka mdogo wangu, kaa kwenye kiti." Nilikaa nusu ya kiti.

Aliniuliza mimi. Baba akajibu. Homa inaanza lini? Baba. Jasho? Baba. Maumivu yako wapi? Baba akanyoosha mkono akashika goti lake mwenyewe. Sikuona ubaya, ndivyo ilivyo. Mtoto akienda na mzazi, mwenye mdomo ni mzazi. Daktari alinigusa shingo, akaniambia nilale, akabonyeza upande wa kushoto chini ya mbavu. Niliruka.

"Bandama imevimba," akasema. Kisha akauliza, "Mzee, nyumbani mnafuga?"

"Tunafuga."

"Maziwa mnachemsha?"

Baba akajinyoosha. "Tunachemsha, daktari. Sisi siyo washamba."

Sikuamini masikio yangu. Kwetu hakuna anayechemsha maziwa. Wazee wanasema moto ukiyagusa maziwa unamfuata ng'ombe kwenye kiwele, chuchu zinakauka. Na Baba mwenyewe anasema ya kuchemsha ni maji tu, nguvu yote imepaa na mvuke. Lakini nilijua pia kwa nini amejibu hivyo. Bwana mifugo aliwahi kumsema juu ya jambo hilo hilo kwenye mkutano wa kijiji, akamwita mtu wa zamani, watu wakacheka, na Baba alirudi nyumbani bila kula.

Daktari akaandika, akaenda mbele. Akasema basi kwa hali ya damu yangu, itabidi wachukue uboho, yaani sindano inaingia kwenye mfupa wa nyonga, wavute kitu cha ndani. "Tunataka tuhakikishe siyo saratani," akasema, taratibu, akimwangalia Baba.

Neno lenyewe likawa limetoka.

Baba alikuwa anatazama mikono yake. Mimi nilikuwa natazama kalamu ya daktari. Nilifikiri, ameuliza habari ya maziwa kwa sababu fulani. Mtu haulizi tu. Kama kuna jibu lingine, linaanzia hapo, na sisi tumelifunga. Lakini nitasemaje? Sijawahi kumkatalia Baba neno lake hata nyumbani, seuze mbele ya mtu wa serikali anayemwita mzee. Sijui kama nilisema kwa sababu ya kupenda ukweli au kwa kuogopa ile sindano. Nadhani sindano.

"Daktari," nikasema, na sauti ikatoka ndogo hata mimi sikuipenda. "Mimi nakunywa mabichi."

"Nini mabichi?"

"Maziwa. Mimi peke yangu. Ya kwangu hayachemshwi."

Nilisema mimi peke yangu ili nisimfanye Baba mwongo. Nilikuwa natazama sakafu. Daktari hakugombeza. Aliweka kalamu chini.

"Ya ng'ombe gani hayo, mdogo wangu?"

"Wa kwangu. Mwekundu. Alitupa mimba, hana ndama."

"Wengine nao wamewahi kutupa?"

"Wawili," nikasema. "Mama na mimi ndio tulitoa kondo la nyuma."

"Kwa mikono mitupu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilisubiri Baba aseme mtoto huyu ana homa, anaweweseka. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Siyo yeye peke yake," Baba akasema. "Sote. Hatuchemshi."

Hakuniangalia.

Daktari akasema uboho usubiri, kuna kipimo cha damu anataka kifanyike kwanza. Kuna ugonjwa, akasema, unaowafanya ng'ombe watupe mimba, na unaingia kwa mtu kwa maziwa mabichi na kwa kushika yale yanayotoka. Unafanana na malaria, lakini siyo. Akasema pia inaweza isiwe huo, tusishangilie. Wakanitoa damu. Majibu kesho.

Jioni ile Baba hakuzungumza nami. Tulilala kwa ndugu yake wa mbali, wakatupa ugali na samaki. Kidumu kilikuwa bado na maziwa. Baba alikitazama, akakitoa nje, na sikujua alikifanya nini. Sikuuliza. Nililala nikifikiria kwamba kama majibu yatakuja hakuna kitu, nitakuwa nimemwaibisha bure, na Shinyanga nitaenda na hilo juu yangu.

Majibu yalitoka kesho yake mchana. Ni huo. Brusela, daktari alisema. Akasema ugonjwa huo una dawa, ni za wiki nyingi, vidonge pamoja na sindano, na nisiziache nikijisikia nafuu. Shule niende. Nilitaka kulia ila Baba alikuwa karibu, nikabana. Kisha daktari akauliza nani mwingine nyumbani ana homa za kurudi rudi. Baba akafikiri. Akasema mdogo wangu wa mwisho, wiki iliyopita. Na Mama analalamika kiuno, ila Mama analalamika kiuno siku zote.

"Waleteni Mpanda wapimwe," daktari akasema. "Na maziwa, mzee. Kuanzia leo."

Nje ya geti Baba akapiga simu nyumbani. Aliuliza mvua. Aliuliza kama ndama wamefungiwa. Aliuliza mtu fulani kama amerudisha jembe. Nilimwona anazunguka zunguka, mara anashika ukosi wa koti, kisha akaninyooshea simu. "Ongea na mama yako."

Mimi sipendi simu. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama, msinywe maziwa mpaka yachemke. Wadogo zangu pia. Mpaka yapande juu kwenye sufuria."

Nyuma ya Mama nilisikia mdogo wangu anaimba.

"Wameshakunywa ya asubuhi," Mama akasema. Kisha, "Nani kasema tuchemshe?"

Nikamwangalia Baba. Alikuwa anatazama barabarani, kama mtu anayesubiri gari.

"Baba kasema."

"Baba yako? Na ng'ombe je, wakikauka?"

Baba alimsikia, sauti ya simu ile ni kubwa. Akageuka, akasogeza mdomo karibu na mkono wangu.

"Ng'ombe tutaona," akasema.