Mpigaji Aliyepewa Shifti Yangu

Usinisimulie habari za mpigaji mmoja kuiokoa timu. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne cha Dodoma kwenye bahasha, na kazi ya kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mji wa Bowie, Marekani. Shifti yangu ilikuwa ya jioni. Naingia saa tisa alasiri, natoka saa tano usiku. Binti yangu alikuwa anatimiza miaka mitano, Septemba anaanza shule. Basi la shule lingemshusha saa tisa na nusu, baba yake angempokea, mimi nimeshaondoka. Nikirudi, amelala. Tungebaki na asubuhi za kutafutana soksi na kufokeana. Huo si umama, huo ni upangaji wa nyumba moja. Nilihitaji shifti ya asubuhi, na Agosti nafasi moja ilikuwa inafunguka, maana dada mmoja wa Kongo alikuwa anahamia mji wa Sterling kumfuata mumewe.

Bosi aliyepanga shifti ndiye aliyekuwa kocha wa softiboli ya kazini. Softiboli ni beseboli ya watu wenye ajira: mpira mkubwa zaidi, unarushwa polepole, wanaume na wanawake wanachanganyika. Nyumba za wazee za kaunti yetu zilikuwa na ligi yao, mechi jioni za Jumatano. Anayecheza lazima awe huru jioni, kwa hiyo bosi aliwapanga wachezaji wake asubuhi. Kila mtu alijua na hakuna aliyeona aibu. Mimi Jumatano ilikuwa siku yangu ya mapumziko.

Alinichukua kwenye timu baada ya kuona nimedaka chungwa ambalo mzee mmoja mwenye hasira alinirushia usoni.

"Umejifunza wapi hiyo?"

Nilijifunza kwenye rede. Msichana yeyote wa kwetu ameicheza: wawili wanasimama pande mbili, wewe uko katikati, wanakupiga kwa mpira wa soksi kuukuu, unakwepa au unadaka. Sikuwahi kuona glavu ya kudakia. Mechi ya kwanza walinipa moja, kubwa kama mkate, nikaivua na kuiweka kwenye nyasi. Wakacheka. Mpira ukaja juu upande wangu wa kushoto nyuma, nikaudaka kwa mikono mitupu. Viganja viliwaka moto. Hawakucheka tena.

"Cheza nasi," bosi alisema, "Agosti nafasi ile ni yako."

Alisema mbele ya Mkenya mmoja wa shifti ya asubuhi, mama wa Nyeri mwenye mdomo mwepesi. Huyo alikuwa shahidi wangu, Mungu anisamehe kwa kuchagua mashahidi.

Hatukuwa timu kali. Tulishinda kwa kuchokonoa. Mmoja anapiga kampira kafupi anafika kituo cha kwanza, wa pili anamsogeza, wa tatu anamrudisha nyumbani, pale alipoanzia, na hiyo ni pointi. Nyuma hatukuangusha kitu. Katikati ya Julai tulikuwa nafasi ya pili.

Lakini kiangazi kile Marekani nzima ilikuwa imelewa mipira inayovuka ukuta. Kila televisheni ya kila mzee ilionyesha mwanaume mwenye mikono kama mapaja akipiga mpira unapotea. Bosi akaona naye anataka wake. Akampata. Jitu la futi sita na zaidi, akamwajiri kama msukuma vitanda. Mechi yake ya kwanza alipiga mitatu nje ya uzio, mmoja ukavunja taa ya gari la daktari. Watu walirukaruka kama wamepata uraia.

"Ubingwa huu hapa!" bosi alipiga kelele.

Jitu likawekwa kushoto nyuma. Mahali pangu. Nikahamia benchi na binti yangu na mfuko wake wa zabibu.

Wiki iliyofuata ratiba ya Agosti ikabandikwa. Nafasi ya asubuhi: yeye.

Nilimfuata bosi hadi mlango wa jikoni. "Uliniahidi."

"Nilisema tutaangalia."

"Ulisema ni yangu. Huyu mama alisikia."

Mama wa Nyeri alikuwa amekumbatia trei za uji. "Aki mimi sikumbuki vizuri," akasema, akaangalia uji.

Jitu lenyewe lilinijia kwenye korido. "Mimi niliomba kazi tu," aliniambia. "Sikuchagua saa." Nikamwamini. Nilimchukia zaidi kwa sababu nilimwamini.

Sasa sikiliza alivyoifanya timu. Mechi tatu tulishinda kama walevi. Baadaye wapinzani wakashtuka. Akija yeye, wanamrushia mipira minne mibovu makusudi, anapewa kituo cha kwanza bure, anasimama pale kama kabati. Anayemfuata hajui kupiga. Na wenzetu waliokuwa wanachokonoa wakaacha, kila mmoja anataka kuvusha uzio, wanapiga hewa. Nyuma, goti lake bovu. Mpira ukidondoka hatua nane mbele yake, anautazama kama barua ya mtu mwingine. Nilimwambia bosi haya yote. Akasema sielewi beseboli.

Fainali ikachezwa Jumamosi mchana, Upper Marlboro. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, zamu ya mwisho ya wapinzani. Wawili wao wameshatolewa, wawili wako vituoni. Tukidaka mpira mmoja tu hewani, wa tatu anatoka na kikombe ni chetu. Bosi akaomba mchezo usimame, akaja benchi anatoka jasho.

"Ingia. Kushoto nyuma. Haraka."

"Kwa nini?" Nilijua kwa nini. Nilitaka aseme.

"Kwa sababu unadaka."

"Niandikie shifti ya asubuhi. Sasa hivi, kwenye hiyo karatasi yako."

"Baada ya mchezo tutaongea."

"Baada ya mchezo utasema sielewi beseboli."

Mwamuzi anaita. Mama wa Nyeri, aliyekuwa anacheza kituo cha pili, akaja mbio. "Wee! Usituharibie, ingia tu, si ni mpira mmoja!"

"Sikumbuki vizuri namna ya kudaka," nikamwambia.

Bosi alikuwa na kalamu sikioni. Ilikuwa pale pale. Hakuigusa. Akageuka, akamwachia jitu mahali pake.

Mpira ukapigwa juu, laini, kushoto. Mtoto wa darasa la tano angeudaka. Jitu likaanza kukimbia, goti likakataa, mpira ukadondoka mbele yake na wapinzani wawili wakarudi nyumbani. Nilisimama nikapiga makofi. Peke yangu, upande wetu wote. Binti yangu akapiga pia, alidhani tumeshinda.

"Una roho mbaya," mama wa Nyeri aliniambia kwenye maegesho.

"Ninayo," nikasema. "Na wewe una shifti ya asubuhi."

Jumatatu nilimwambia bosi kuwa kuanzia Septemba jioni sifanyi. Akasema hakuna nyingine. Siku ya mwisho ya Agosti nikaweka kitambulisho cha kazi mezani kwake na sikuwa na kazi nyingine ya kwenda. Mume wangu alinuna wiki nzima. "Umeacha kazi kwa sababu ya mpira?" Mtu anayeuliza hivyo ana shifti ya asubuhi.

Siku ya kwanza ya shule nilisimama kwenye kona tangu saa tisa na robo. Basi likafika, mlango ukafunguka, binti yangu akashuka na begi lililomzidi. Akatazama nyuma yangu, kulia, kushoto.

"Daddy yuko wapi?" akauliza. Akauchomoa mkono niliokuwa nimeushika. "Wewe si uko kazini?"

"Niko hapa," nikamwambia. "Tembea."