Luma Kidole

Mama alikodi kipande cha shamba nje kidogo ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa mwanamke mmoja Mmalawi wa umri wake. Mimi nilikuwa nikishona nguo Area 36, Lilongwe, na msimu wa mvua nilipanda minibasi Jumamosi kwenda kumsaidia.

Wale wawili hawakuelewana lugha, na mila zao zilipishana. Siku ya kupanda, mama alitupa kwanza konzi ya maharagwe nje ya mpaka, fungu la ndege, kama bibi alivyofanya huko kwetu Bukavu. Mwenye shamba akaona ni uharibifu, akayaokota moja moja na kumrudishia. Yeye naye hakutaka mtu avuke jembe lililolala chini, eti mvua itakatika. Mama alilivuka kutwa nzima bila habari. Nilitafsiri nilichoweza kwa Chichewa changu cha sokoni, mengine niliyameza.

Wakaendelea hivyo mpaka maboga yakaanza kutunga. Jumamosi moja nilikuja na mchumba wangu, mchuuzi kutoka Kindu. Mama alikuwa hajamkubali: yeye Mwislamu, sisi watu wa kanisa, na tena, alisema, mwanaume wa dukani hajui udongo. Mchumba wangu, akitafuta la kusema, akanyoosha kidole na kulisifu boga changa lililojificha chini ya majani.

"Luma kidole," mama akasema.

"Luma chala," mwenye shamba akasema papo hapo, kwa Chichewa.

Boga changa halionyeshwi kwa kidole, litaoza. Aliyekosea sharti akiume. Wote wawili walilijua hilo, na neno la kuuma ni lilelile. Wakatazamana. Kisha wakamgeukia mchumba wangu, naye akakiuma kwelikweli, machozi yakamlengalenga. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.

"Huyu anasikia bakubwa," aliniambia baadaye. "Umulete tena."

Boga lile liliiva salama. Mengine mawili yaliozea mvuani. Mwenye shamba akaamua kwamba mkwe alichelewa kuuma.

Tulioana baada ya mavuno. Asubuhi ya harusi mwenye shamba alifika amebebwa na kabaza, baiskeli ya abiria, amekumbatia sufuria ya majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Mama alimkalisha mbele kabisa, kati yake na shangazi za bwana harusi, na sufuria ile haikufika kwetu maharusi.